Mrejesho: kisahani kilichokuwa kikikata kushoto

Wakuu, niliuliza kwa nini kwenye uwanja wa gofu ya visahani (mchezo wa kurusha visahani hadi viingie kwenye vikapu vya minyororo) kila nikirusha, kisahani kinakata kushoto na kuishia vichakani. Mlioniambia niachane kwanza na visahani vya kasi, vya kurushia mbali, mlikuwa sahihi. Narusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikinielekea, kwa hiyo kisahani kikiishiwa kasi kwa kawaida hulalia kushoto. Vile vya kasi, vyenye ukingo mpana na mkali, vinataka nguvu ambayo sina. Jana nimecheza vikapu vyote 18 kwa kisahani cha kulengea tu (kile cha kurushia karibu na kikapu). Hakifiki mbali, ila kinanyooka. Kikapu cha 7 nimemaliza kwa mirusho 3, minyororo ikalia, nikashangilia kama mtoto. Kulenga ndani ya mita 10 bado ni aibu tupu. Na kile kisahani nilichopoteza? Kimenasa juu ya mti.