Je, ilikuwa haki kukiunganisha Chuo Kikuu cha Nanyang mwaka 1980?

Mkaazi: Ndugu zangu, chuo hiki cha Singapore, alichokipendekeza tajiri wa biashara ya mpira wa utomvu wa miti, Tan Lark Sye, mwaka 1953, kilijengwa kwa michango ya watu ili vijana waliosoma sekondari kwa Kichina wapate pa kuendelea. Mwaka 1980 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Singapore, na jina lake likatoweka. Ilikuwa haki?

Msemakweli: Ilikuwa haki. Serikali haikuzitambua shahada zake hadi 1968, wahitimu walihangaika kupata kazi, na tangu 1975 chuo chenyewe kilikuwa kimeanza kuhamia Kiingereza. Waendesha riksho walichanga kwa hisia tu, bila kujua wanachochangia.

Binti Saada: Sentensi yako ya mwisho imenichoma. Mtu anayekanyaga pedali juani kutwa nzima, kisha akatoa nauli yote ya siku ile, kama walivyofanya waendesha riksho mwaka 1954, anajua vizuri kuliko wewe na mimi thamani ya anachokitoa. Babu yangu hakujua kusoma, lakini aliuza mbuzi wawili ili shule ya kijiji iezekwe bati. Usiniambie hakujua alichokuwa akikinunua.

Msemakweli: Sikumtukana babu yako, dada, na kama neno langu limekugusa naomba radhi. Ila waanzilishi nao waligombana: Lin Yutang, mkuu wa kwanza, aliondoka 1955, miaka mitatu kabla ya masomo kuanza.

Mzee Hamadi: Masomo yalianza 1956, mwanangu, 1958 ni mwaka wa ufunguzi rasmi. Tena ugomvi wa mkuu na wafadhili haumnyang'anyi mchangiaji haki yake. Tan aliahidi dola milioni 5, chama cha Wahokkien, Wachina wenye asili ya Fujian, kikatoa ekari 523 kule Jurong, magharibi mwa Singapore, na bado mwaka 1964 Tan huyo huyo alivuliwa uraia.

Binti Saada: Hapo ndipo ninapoumia, Mzee. Lango la zamani, lenye jina la chuo kwa maandishi ya Kichina, sasa limebaki nje ya kampasi, jirani na maghorofa ya makazi, na ndani ya ardhi ile ile kuna chuo kikuu kingine kinachotumia neno Nanyang. Kama jina lilikuwa halifai mwaka 1980, kwa nini lilirudishwa mwaka uliofuata kwenye taasisi ya ufundi?