Baba ameikataa bustani niliyomtengenezea. Nifanyeje?

KitindaMimba
Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu ana miaka 76. Tangu mama atutoke, siku yake ni kitanda, kiti, televisheni, kitanda. Goti la kulia linamsumbua, anameza dawa za presha, na usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Kula anakula, ila amenyong'onyea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukimuuliza anataka nini, jibu ni "chochote tu."

Nilisoma kwamba kulima bustani ni tiba nzuri kwa wazee, nikajitosa. Nimeinua tuta nyuma ya nyumba, nimetia udongo mzuri wenye mboji, miche nimeipanga kwa mistari iliyonyooka. Yeye nikamwachia kazi moja nyepesi tu, kumwagilia. Siku za mwanzo alitoka, akashika kopo, akamwaga maji kwa sura ya mtu anayelipa faini, akarudi ndani. Sasa hatoki kabisa. Nikimkumbusha ananijibu, "Mwagilieni nyinyi, si bustani yenu hiyo?"

Naomba kujua: kuna wazee ambao bustani haiwafai? Na lile goti, nisije nikamwongezea maradhi mengine?

ZamuYaUsiku
Pole na hongera dada. Mimi ni muuguzi kwenye makao ya wazee, na naona baba yako amekwisha kukujibu. "Si bustani yenu hiyo?" Hapo ndipo penyewe.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya jaribio kwenye makao ya wazee. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao mengi wanaweza kuyaamua wenyewe, na kila mmoja akapewa mmea autunze. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, lakini wakaambiwa wauguzi ndio wataimwagilia, wao wapumzike tu. Majani yalikuwapo pande zote mbili. Waliochangamka na kuanza kuzungumza na wenzao ni wale walioachiwa waamue. Mimi nikisikia "tiba ya bustani" hilo ndilo ninalolikumbuka, kabla hata ya udongo.

Kazini kwetu hatumuulizi mzee kama anataka kulima. Mtu aliyenyong'onyea ukimuuliza hivyo atasema hapana, ndiyo namna ya kukuondoa. Tunafika na kopo mbili za mnanaa: "Mzee, hizi tuziweke juani au kivulini?" Hapo ni lazima atoe kauli. Kesho yake anataka kujua kama kauli yake ilikuwa sahihi.

Kuhusu goti: asipige magoti wala asichuchumae. Tuta la kimo cha sentimita 60 hadi 75 linamruhusu kufanya kazi akiwa ameketi. Kama lako ni fupi, tumia vyungu juu ya meza. Mpini wa koleo uuviringishie mpira uwe mnene, vidole vya uzeeni havikamati vizuri kitu chembamba. Na kwa sababu ya hizo dawa za presha, akiinama kisha akanyanyuka ghafla anaweza kupata kizunguzungu, basi anyanyuke kwa awamu na awe na pa kushika. Maji ya kunywa yawe karibu, maana uzeeni mtu hukauka kabla hajasikia kiu. Mbegu ndogo kama za rehani zichanganye na mchanga mkavu kwenye kichupa chenye matundu, anyunyize. Nina mzee mikono inamtetemeka, kikombe cha chai hakishiki, lakini kile kichupa ukimpa ule mtetemo ndio unaomfanyia kazi, na anakicheka mwenyewe.

Kichwa_Ngumu
Naomba nivuruge kidogo. Amefiwa, halali vizuri, hataki chochote. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, na sonona ina madaktari wake. Msimtibu mzee wa watu kwa jembe.

Halafu hizi takwimu za bustani mzisome kwa makini. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, watu zaidi ya 2,800 wa miaka 60 na kuendelea, wakafuatiliwa miaka 16. Waliolima bustani kila siku, hatari yao ya kupata ugonjwa wa kusahau ilikuwa ndogo kwa asilimia 36. Namba tamu. Lakini mtu anayeweza kutoka na kulima kila siku si tayari ana nafuu kuliko asiyeweza? Huenda afya ndiyo iliyoleta bustani.

ZamuYaUsiku
Kichwa_Ngumu nakuunga mkono kuhusu daktari, na dada naomba usilipuuze hilo. Kama hali hiyo imepita wiki mbili, apelekwe. Bustani na daktari havigombani. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili siku tatu au zaidi ili wasianguke. Wengi wetu mzee ukimwambia "fanya mazoezi" amekuchoka. Ukimwambia miche ya kule mwisho imeanza kulegea, ananyanyuka.

MzeeWaKigoda
Naona mnanijadili, basi niseme. Nina miaka 79, magoti yote mawili mabovu, na nimefiwa kama huyo mwenzangu.

Binti yangu, ukifiwa, kila anayekuja anakutazama kwa huruma. Unapewa pole, unaletewa kiti, unapokonywa hata ndoo. Unajiona mgeni nyumbani kwako. Mbegu haikupi pole. Ukisahau kuinywesha inakufa, na hilo kwangu lilikuwa heshima.

Mimi nilianza na maharage, kwa sababu hayachelewi. Nilikuwa naweka kigoda asubuhi nachungulia. Kwanza udongo unapata ufa mwembamba. Baadaye tonge la udongo linainuka kidogo, na chini yake unaona shingo ya mche imepinda, kichwa bado kimezama. Ukirudi alasiri imenyooka, na ganda la mbegu limening'inia kwenye jani moja. Nilikuwa natamani kulitoa kwa ukucha. Usilitoe, jani litakatika.

Sasa sikiliza. Hiyo mistari yako iliyonyooka mwachie aiharibu. Na usimwambie aje kukusaidia, mzee anajua akidanganywa. Mwambie jambo ambalo kweli limekushinda.

KitindaMimba
Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote.

Kwa daktari tumeshapanga siku, nitakwenda naye. Goti na usingizi nimeviandika vyote kwenye karatasi asije akasema "sijambo" tukarudishwa.

Bustani nayo, juzi nilimwambia nyanya zangu zimekuwa njano majani ya chini na sijui sababu, na kweli sijui. Alikaa kimya, nikajua ndiyo basi. Baada ya muda nikasikia mlango wa nyuma. Akasimama pale tutani akauliza, "Nani kapanda hivi? Zimebanana, zitapumuaje?" Akavuta kiti, akang'oa karibu nusu ya miche yangu. Niliumia jamani, miche ile niliibembeleza! Nikanyamaza. Mingine ameihamishia kwenye ndoo iliyotoboka, na hataki mtu aisogeze.

Swali jingine: glavu hataki, anasema anataka kuusikia udongo. Nimlazimishe?

ZamuYaUsiku
Usimlazimishe, ila ngozi ya uzeeni ni nyembamba, inachanika kirahisi, na pepopunda inaishi udongoni. Mkimwona daktari mwulize chanjo yake ya pepopunda ilikuwa lini, nchi nyingi hushauri irudiwe kila miaka kumi. Mfuko wa mboji ufungueni mkiwa nje, ulowesheni kwanza, asiuinamie uso, vumbi lake linaweza kuwa na bakteria wa kichomi. Mikono aoshe kwa sabuni kabla ya kula.

MzeeWaKigoda
Marahaba binti. Glavu mtundikie msumarini karibu na mlango, usiseme kitu. Siku akishika miiba atazitafuta mwenyewe. Na hizo nyanya, amesema njano ni ya nini?