MJADALA: Monasteri ya Patmos iwafungie lango abiria wa meli za kitalii?

Wakuu, salamu. Wasomaji wa Ufunuo mnakumbuka Yohana anasema alikuwa "katika kisiwa kiitwacho Patmo". Nimetoka huko. Kiwanja cha ndege hakuna. Unapanda meli Piraeus, bandari ya Athens huko Ugiriki, na kukesha njiani. Kilimani, juu ya nyumba nyeupe za mji wa Chora, monasteri ya Mtakatifu Yohana imekaa kama ngome. Na ni ngome kweli: mwaka 1088 Kaisari Alexios Komnenos wa Bizanti alimpa mtawa Christodoulos kisiwa kizima, na wakati huo bahari ilijaa maharamia.

Nimefika asubuhi, ua uko kimya. Mara meli kubwa ikatia nanga Skala, bandari ya kisiwa, mabasi yakapanda mlima, na ndani ya nusu saa hapakuwa na pa kuweka mguu. Mtawa mmoja mzee alikuwa anavuka kwenda kanisani. Wanamwelekezea simu usoni kama twiga wa mbugani. Langoni wasiovaa vizuri hupewa kitambaa cha kujifunga (mimi nilikuwa na kanga yangu). Wengine walikivua walipofika kona ya pili.

Hoja yangu: wa meli za kitalii wasiingie kabisa. Anayetaka alale kisiwani, apande kesho kwa miguu kupitia Pango la Ufunuo, ambamo inaaminika Yohana alipata maono yake, liko katikati ya njia. Bunge la Ugiriki lenyewe lilitangaza Patmos kisiwa kitakatifu mwaka 1981. Utakatifu gani huu wa saa moja na nusu?

Jibu la 1
Mleta mada, wewe ulikuwa mgeni pia, au ulizaliwa Chora? Kiingilio cha makumbusho kinasaidia kutunza mambo. Mle kuna karatasi 33 za Injili ya karne ya 6, ngozi imetiwa rangi ya zambarau na herufi ni za fedha. Nyingi za karatasi nyingine za kitabu hicho ziko St Petersburg, Urusi. Vitu hivyo havitunzwi kwa ubani peke yake.

Jibu la 2
Mkuu hapo juu, umegusa penyewe. Mwaka 1801 Mwingereza Edward Clarke alipanda kilima kilekile kama mgeni, akashuka na kitabu cha mwanafalsafa Plato kilichonakiliwa mwaka 895. Leo kiko Oxford. Yaani lango lilipofunguliwa kwa heshima zote, kitabu kikatoka. Kuta zilizowazuia maharamia hazikumzuia mnunuzi.

Jibu la 3
Tuwe wakweli, Clarke alinunua. Mwenyewe aliandika kwamba alikuta vitabu vya ngozi vimerundikwa sakafuni, vimejaa vumbi. Sisemi alifanya vizuri. Nasema kilichookoa vilivyobaki ni watu wa nje kujua vipo na kuuliza viko wapi.

Halafu, mleta mada, ulipoingia kanisa dogo la Bikira uliangalia ukutani? Baada ya tetemeko la 1956 ilionekana michoro ya karne ya 12 iliyokuwa imefichwa chini ya michoro ya baadaye. Mmojawapo ni Abrahamu akiwapokea wageni watatu. Watawa wamechora ukarimu kwenye ukuta wao, wewe unataka kufunga mlango.

Jibu la 4
Ada ipande tu. Tangu 2025 Ugiriki inamtoza kila abiria wa meli hizo. Visiwa vya Santorini na Mykonos inafika euro 20 msimu wa joto. Patmos nayo iwekwe kundi hilo, watapungua wenyewe.

Mleta mada
Wa 4, ukipandisha ada utabaki na matajiri wenye kaptula, hujapunguza kelele. Wa 3, umenikamata na Abrahamu, nimeuona mchoro huo. Lakini soma vizuri: walikuja watatu, na kitu cha kwanza alichowapa ni maji ya kunawa miguu. Ileteni meli ya watu watatu, beseni nitabeba mimi.