Ulinganisho: lenzi ya 70–300 au 150–600 kwa picha za mawimbi makubwa ukiwa nchi kavu?

Jirani_wa_Bismarck
Wanajamvi, salaam. Mwezi wa pili nitakuwa Ureno kikazi, na nimejitengea siku mbili za kwenda Nazaré, ufukwe wa Praia do Norte, kuwapiga picha wanaoteleza kwa ubao juu ya mawimbi makubwa. Kamera yangu ni ya sensa (kipande kinachonasa picha) ndogo, hupiga fremu 10 kwa sekunde. Lenzi niliyo nayo ni ya milimita 70–300 (milimita zikizidi, lenzi huvuta zaidi), na jamaa mmoja hapa Mwanza yuko tayari kuniazima yake ya 150–600. Kwa wiki tatu nimefanya mazoezi jirani na jiwe la Bismarck, nikifuata mitumbwi inayopambana na mawimbi ya alasiri, na kila mara 300 imenipungukia: mtumbwi unatoka mdogo kama punje ya mchele. Moyo umeelemea kwenye 150–600, ila lenzi hiyo ina karibu kilo mbili. Naomba mawazo ya waliowahi kulinganisha.

Mkerewe_Halisi
Ndugu yangu, beba kubwa na usijiulize mara mbili. Mimi hupiga mashua za tanga nikiwa ufukweni Ukerewe, na sijawahi kurudi nyumbani nikijuta kwamba lenzi ilikuwa ndefu mno. Ukiwa nchi kavu huwezi kumsogelea unayempiga, na ukimkata baadaye kwenye kompyuta unabaki na chenga. Kule Mavericks, California, wimbi huvunjika mbali sana na pwani, kiasi kwamba mwenye 300 huambulia bahari tu.

Hesabu_za_Nyakato
Kwa heshima zote kwa kaka yangu wa Ukerewe, Mavericks na Nazaré ni sehemu mbili tofauti, na hapa ni vizuri tupige hesabu kabla ya kubeba mzigo. Sensa ndogo ina upana wa takriban milimita 23.5 na kimo cha 15.6. Ukigawa kimo hicho kwa urefu wa lenzi, kisha ukazidisha kwa umbali, unapata kimo cha eneo litakaloingia kwenye fremu. Tukadirie wimbi liko mita 400 kutoka ulipo: kwa 300 fremu inabeba takriban mita 21 kwenda juu, na kwa 600 inabeba mita 10 tu. Wimbi aliloliteleza Sebastian Steudtner pale Nazaré, Oktoba 2020, lilipimwa kuwa na mita 26.21, maana yake hata 300 isingelitosha kamera ikishikwa kwa kulala. Angelazimika mtu kurudi nyuma kidogo kwenye zumu.

Ndiyo maana nasema ziwa limekudanganya. Mtumbwi wa mita 8 ukiwa umbali huo unahitaji 600 kweli, kwa sababu unachotafuta ni mtumbwi. Kule unatafuta mtu mdogo chini ya ukuta wa maji, na ukimkuza yeye umelipoteza wimbi.

Mama_Igombe
Hesabu za Nyakato zimenikosha. Naongeza mambo ambayo lenzi haiyatatui.

Mwanangu, alasiri pale Bismarck unatazama magharibi, jua likiwa usoni, kwa hiyo sehemu ya matatizo yako ni mwanga wala si milimita. Nazaré watu wengi husimama kwenye ngome yenye mnara wa taa mwekundu, upande wa kusini wa ufukwe, wakitazama kaskazini. Na kwa kuwa Februari jua la Ureno hupita kusini kutwa nzima, utakuwa nalo mgongoni au ubavuni. Ukishuka mchangani na kutazama mnara, mambo yanageuka, ingawa picha yenye mnara na watu wake ndiyo inayomwonyesha mtazamaji ukubwa wa wimbi. Picha hiyo haihitaji 600. Mara nyingi hata 200 inatosha.

Povu jeupe huihadaa kamera ikadhani kuna mwanga mwingi, ikatia giza. Weka kila kitu kwa mkono, kasi isipungue 1/1000, upime kwenye povu lenyewe, uongeze mwanga kiasi ili povu libaki jeupe, uache hapo hadi mwanga ubadilike.

Halafu chumvi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, ukirushiwa matone unafuta na kanga na maisha yanaendelea. Nilipopiga wanaovutwa na tiara pale Paje, kioo kilipata ukungu wa chumvi, nikafuta kikavu, nikakikwaruza. Kwanza lowanisha kitambaa kwa maji yasiyo na chumvi.

Mkerewe_Halisi
Nakubali kuhusu ngome. Lakini siku ya mawimbi ya wastani, mita sita au saba, mtanikumbuka.

Hesabu_za_Nyakato
Hapo una haki, kaka. Siku kama hiyo 150–600 inashinda bila ubishi. Ni bahati ya siku mbili.

Jirani_wa_Bismarck
Nimesoma yote kwa makini, nanyi mmenipindua. Nitakwenda na 70–300. Swali la mwisho: je, nibonyeze mfululizo kama nifanyavyo hapa?

Mama_Igombe
Hapana. Mawimbi ya ziwa huzaliwa na upepo wa karibu, hufuatana kila baada ya sekunde chache. Yale yametoka kwenye dhoruba za mbali za Atlantiki, hupishana kwa sekunde 15 au zaidi, na huja kwa makundi. Subiri mtelezaji aachie kamba ya pikipiki ya majini inayomvuta, ndipo uanze, ukiacha nafasi juu ya kichwa chake. Ukianza mapema, kamera itakuwa bado inaandika kwenye kadi wakati wimbi linavunjika. Na kesho nenda Bismarck asubuhi, uone tofauti.