Kansa ya figo ya mtoto, wakwe wanasema ni damu ya kwetu. Naomba ushauri

MamaNyalenda: Habarini wadau. Kijana wangu wa miaka mitatu, nikimwogesha niligusa kitu kigumu chini ya mbavu, kumpeleka hospitali akapigwa skani wakasema ni Wilms, kansa ya figo. Kemo, zile dawa za kuua kansa, imeanza hapa Kisumu, operesheni inakuja. Sasa daktari alitaja jeni zilizobadilika, bwanangu akaenda kuambia mamake na tangu hapo boma lote wanasema ni damu ya kwetu, wengine chira, yaani laana ya kuvunja mila. Niko na mwingine wa miezi nane, naye atapata?

Sista_Naks: Pole sana mama. Huo mzigo usikubali kubebeshwa. Jeni kubadilika sio lazima iwe imerithiwa. Figo inatengenezwa mtoto akiwa tumboni, na kuna seli zinafaa zikomae ziwe figo, jeni kama WT1 ndio inazisukuma zikomae, ikiharibika seli inabaki changa na inaendelea kugawanyika tu. Na si hiyo peke yake, kuna CTNNB1, kuna AMER1 kwa kromosomu X, kuna DROSHA, na TP53 ikiharibika mara nyingi uvimbe unakuwa mkaidi kwa dawa. Kwa watoto wengi kasoro iko ndani ya uvimbe pekee, ukipima damu ya mama na baba hupati kitu. Familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja ni kama 1 au 2 kwa 100.

BabaTwins_Eld: Uliza kama figo zote mbili zina uvimbe. Angalia pia kama jicho linakosa ile duara ya rangi, korodani hazijashuka, ama upande mmoja wa mwili ni mkubwa kuliko mwingine. Hizo ndio dalili kasoro iko mwili mzima, basi mwambie daktari kuhusu huyo mdogo. Mtoto akipatikana na hiyo kasoro ya mwili mzima anapigwa ultrasaundi kila miezi 3 mpaka afike miaka 7.

MamaNyalenda: Asanteni, ni figo moja na macho yako sawa. Lakini mama mkwe anataka tuache kemo kwanza apelekwe akakandwe tumbo huko nyumbani.

Sista_Naks: HAPANA! Tumbo lisikandwe na mtu yeyote, uvimbe unaweza kupasuka usambae. Kansa hii inatibika, nchi tajiri karibu watoto 9 kwa 10 wanapona, huku kwetu wengi tunawapoteza matibabu yakikatizwa katikati na inaniuma sana. Enda kliniki na bwanako na mamake, daktari awaeleze wote mkiwa pamoja. Kemo ingine ni lini?