Nakwenda Ufini Februari kuvua juu ya barafu, nivae buti gani?

MtotoWaTumbe
Asalaam alaykum jamani. Mie mtu wa Pemba, kwetu Tumbe, sasa hivi niko Unguja kikazi. Inshallah Februari nakwenda Ufini, mji unaitwa Kuopio, kaka yangu kaoa huko mwaka wa saba huu. Juzi kanipigia ananambia mkwewe kashanipangia safari ya kuvua ziwani, na ziwa lenyewe limeganda, watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu kwa kekee kubwa kama ya seremala, mtu anakaa kwenye kigoda chake anashusha mshipi kutwa nzima. Kuvua nimezaliwa nako ila kukaa juu ya barafu bado.

Swali langu viatu. Nimezunguka Darajani kwenye mitumba nimeona aina tatu, buti la ngozi la jeshi, buti la ujenzi lenye chuma mbele, na gambuti jeupe refu kama ya wachinjaji. La jeshi limenikaa kama nimeshonewa, muuzaji anataka elfu 45. Navaa 43. Nichukue lipi, na soksi nilikuwa nawaza tatu tatu za pamba, zatosha?

Kojani_Kwetu
Yakhe samaki wa Tumbe wamekwisha mpaka umfate kwenye barafu 😂😂 chukua gambuti, maji hayaingii, basi.

BiMkubwa_Ontario
Mwanangu usinunue hata moja katika hizo, zihifadhi pesa zako.

Niko Kanada mwaka wa 19, mume wangu kila Januari haondoki ziwani, Lake Simcoe, na mie mara moja moja humfata. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya wewe, nikachukua buti limenibana vizuri, nikajaza soksi za pamba mbili, nikajiona nimemaliza. Haikufika saa moja vidole sivijui viko wapi, nikirudi garini vinapoanza kupata moto nikalia kama mtoto. Sasa nisikilize. Buti likikubana ndo baridi yenyewe hiyo, damu haipiti vidoleni, na soksi ukizidisha ndani ya buti lile lile unazidi kujinyonga mguu. Wewe 43 tafuta 44 hata 45, na ulijaribu dukani ukiwa umevaa ile ile soksi utakayoendea ziwani, vidole viwe vinacheza ndani. Soksi moja nyembamba chini, moja nzito ya sufu juu, imetosha. Pamba iache nyumbani, pamba inakunywa jasho na haikauki, na mguu ukirowa umekwisha.

Buti lenyewe wanalovaa wavuvi huku chini ni mpira, juu ngozi au kitambaa kizito, na ndani lina buti jengine laini la kitambaa kilichoshindiliwa ambalo linatoka. Langu la ndani lina unene wa milimita 9. Hilo la kutoka ndo la kuangalia kuliko yote maana jioni unalivua unalianika pembeni ya hita (pembeni, usilipachike juu yake, la mume wangu liliungua likatuachia nyumba nzima inanuka). Ukilala nalo bichi ndani ya buti asubuhi unavaa barafu. Kampuni za mabuti kina Baffin, Kamik, Sorel wote wana ya aina hii. Na kile kibandiko cha buti kinachosema linahimili baridi ya -40 usikifanye msahafu, kila kampuni inapima kivyake na wengi wanahesabu mtu anaetembea. Wewe utakuwa umekaa kitako.

Fundi_Friji
Mama hapo juu kamaliza ila naongeza kidogo maana hii ni kazi yangu. Watu wanadhani buti linatia joto, buti halina joto lolote, joto ni lako wewe. Ni mambo yale yale ya boksi la samaki, lile jeupe jepesi, barafu inakaa humo kutwa si kwa sababu boksi lina baridi, ni ile hewa iliyonaswa ndani ya kuta zake haipitishi joto. Wazee wetu walikuwa wanafunika jiwe la barafu kwa pumba za mbao na gunia, hesabu ile ile. Sasa ukivaa soksi tatu kwa nguvu umeikamua hewa yote umebaki na kitambaa kimelala, ni sawa na boksi lililokanyagwa na gari.

Lile la ujenzi lenye chuma liache kabisa, chuma kinanyonya joto la vidole haraka sana. Na gambuti ya Kojani (samahani kaka) ni mpira mtupu, maji hayaingii kweli, na jasho nalo halitoki, halafu hakuna chochote kati ya mguu na barafu. Baridi ya kule inakuja kutokea chini, kwenye soli, kwa hiyo hata ukiwa na buti zuri tafuta kipande cha godoro la sponji ngumu au zulia ukanyagie pale ulipokaa.

Kojani_Kwetu
Nshasamehe 😅 mie navua peku.

Mpemba_Kaskazini
Niko Ufini, Tampere. Usinunue buti huko nyumbani, kwanza litakula kilo zako za begi. Mwambie kaka yako aulize kwa mkwewe, nyumba ya mzee anaevua huku hukosi mabuti ya akiba ya namba zote. Ukikosa kuna soko la vitu vilivyotumika wanaita kirpputori, ndo Darajani yao, unapata buti zuri kwa bei ya chakula. Ila likiwa la mtumba litie mkono ndani uangalie soli ya ndani haijalala, na mpira haujapasuka pale mguu unapokunja. Wazee wengine watakupa buti la sufu tupu, zuri wallahi kwenye baridi kavu ya -20, lakini kuna siku juu ya barafu panakuwa na theluji iliyorowa maji kama uji, hapo linakunywa. Uliza siku hiyo ziwa likoje.

Jengine hamjalisema, utelezi. Upepo ukipangusa theluji barafu inabaki kama kioo, mpira mtupu utakulaza chali mbele ya wakwe. Kuna vyuma vya meno vinavaliwa juu ya buti kwa kamba ya mpira, kama njumu, nunua hivyo. Na shingoni watakuvika vipini viwili vyenye ncha za msumari, wanaviita naskalit, usivione pambo, ukizama ndo unachomea kwenye barafu ujivute utoke. Barafu ngumu ya sentimita 10 inamchukua mtu, mkwe ndo mjuzi wa hilo, pita alipopita yeye. Leseni usihangaike, kuvua kwa mshipi kwenye tundu la barafu huku ni bure kwa kila mtu, hata mgeni, isipokuwa sehemu chache zilizokatazwa.

Na udhu. Utajiuliza utavua vipi mabuti na soksi kwenye -15. Tawadha nyumbani, vaa soksi na buti ukiwa na udhu, halafu kuna ruhusa ya kupangusa juu ya khofu (kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo) badala ya kuosha miguu, mkaazi siku na usiku wake, msafiri siku tatu. Buti gani linaingia kwenye khofu na gani haliingii muulize shekhe wako kabla hujaondoka, mie si wa kutoa fatwa. Huku wakati ule jua ni fupi, adhuhuri na alasiri zinakaribiana, mara nyingi utaziswali huko huko ziwani.

MtotoWaTumbe
Shikamoo mama wa Ontario, na ahsanteni nyote. La jeshi nimelirejesha, muuzaji kanuna. Nimempigia kaka kasema mzee anayo ya 45 yenye buti la ndani la kutoka, na soksi za sufu mamamkwe anafuma mwenyewe. Godoro la sponji nalo lipo. La khofu sikulifikiria hata kidogo, kesho baada ya magharibi namfata shekhe.

Kojani_Kwetu
Chambo je? Utabeba ngisi?

Mpemba_Kaskazini
Asibebe kitu. Huku wanatumia funza. Wanauzwa wazima kwenye kikopo, na ili wasigande wako wazee wanaweka kikopo ndani ya koti, kifuani.

MtotoWaTumbe
Mabuti nshaelewa.