Kogulesheni, flokulesheni, BOD na COD: naombeni ufafanuzi kabla ya fildi

fundi_mtarajiwa:
Habari zenu wakuu. Wiki ijayo naripoti fildi kwenye mtambo wa kusafisha maji, baadae nahamia mabwawa ya majitaka. Notsi ninazo ila kogulesheni na flokulesheni naona kama kitu kimoja, halafu BOD na COD mbona zote zinapima oksijeni?

mzee_wa_shabu:
Karibu sana mdogo wangu. Maji ya mto yana chembe za udongo laini mno, zina chaji hasi kwa hiyo zinasukumana, hata uyaache usiku kucha hayatulii. Ukitia shabu ile chaji inakufa, unakoroga kwa kasi kama dakika moja isambae kote, hiyo ndo kogulesheni. Halafu unakoroga taratibuu dakika 20 hadi 30 chembe zikutane zishikane ziwe mabonge, ndo flokulesheni, na hapo ukikoroga kwa nguvu mabonge yanavunjika, kwenye tangi la kutulizia hayashuki ng'o. Omba wakuoneshe jatesti, jaribio la kutafuta dozi ya shabu inayofaa, zile bika (vikombe vya maabara) zilizopangwa mstari kila moja na dozi yake. Dozi usiikariri, mvua ikinyesha mto ukageuka rangi unapima upya.

binti_maabara:
Naongezea hapo kwa mzee, shabu inashusha pH, yaani maji yanazidi kuwa na asidi, ndo maana utaona wanatia na chokaa kuipandisha.
BOD ni oksijeni wanayotumia bakteria wakila uchafu, sampuli inakaa gizani siku 5 kwa nyuzi 20. COD nayo ni oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu, ila kwa kemikali bila bakteria, unachemsha sampuli na daikromati ya potasiamu na asidi kali saa 2 kwa nyuzi 150, inaunguza karibu kila kitu, ndo maana COD huwa kubwa kuliko BOD. Ukiona COD imepaa na BOD kiduchu shtuka, huenda kuna kiwanda kinamwaga vitu ambavyo bakteria wa bwawani hawaviwezi. Na tafadhali vaa glavu na miwani, vile vichupa vya COD vina zebaki, usimwage kwenye sinki!

fundi_mtarajiwa:
Asanteni sana aisee. Na klorini baki, ile inayobaki kwenye maji baada ya kuua vijidudu, kwa nini wanaenda kuipima mpaka kwa mteja?

mzee_wa_shabu:
Kwa sababu njiani ndo kuna hatari. WHO wanataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochota. Mtamboni ikiwa sawa halafu bombani ukute sifuri, kuna kitu kimeila njiani, huenda bomba limepasuka maji machafu yanaingia presha ikishuka. Toa taarifa siku hiyohiyo, usisubiri ripoti ya mwisho wa wiki.